Mgonjwa hanyanyuliwi kwa makwapa

Imeingia simu nyingine: "Dokta, baba amekuwa mzito, tutafutie kijana mwenye nguvu wa kumnyanyua." Kijana mwenye nguvu ndiye ninayemwogopa kuliko wote. Akifika hana swali. Anapenyeza mikono makwapani, anahesabu moja, mbili, tatu, anavuta.

Baba ana kiharusi, upande wa kulia umelegea. Kichwa cha mfupa wa mkono kimekaa begani kwenye kishimo kisicho na kina, na kinachokizuia pale kwa sehemu kubwa ni misuli. Misuli ikipooza, uzito wa mkono wenyewe unatosha kukishusha. Sasa wewe unaongeza uzito wa mwili mzima kwenye kiungo hicho! Miezi michache baadaye naletewa mzee anayelia akiguswa bega, na familia inanieleza kwamba kiharusi "kimeshukia begani". Hakijashukia popote. Kumvuta kwa mkono ule uliolegea ni yale yale.

Kumhamisha mtu si kumbeba. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, inapendekeza mhudumu asinyanyue zaidi ya kilo 16 hivi za uzito wa mgonjwa kwa mikono, tena hali ikiwa nzuri. Hiyo ni kama theluthi ya mfuko wa saruji. Baba yenu ana kilo 80.

Ya haraka haraka: breki za kiti cha magurudumu zifungwe zote mbili, vikanyagio viondolewe, kiti kisogezwe kimshazari hadi kiguse kitanda. Viatu miguuni, si soksi juu ya marumaru. Kimo cha godoro na cha kiti vikaribiane.

Anayeweza kukanyaga hata kwa mguu mmoja, mfunge mkanda wa kuhamishia kiunoni, juu ya nguo, ushike huo badala ya suruali. (Aliyepasuliwa tumbo karibuni au mwenye mrija wa kulishia tumboni, usimfunge.) Asogee ukingoni, nyayo zirudi nyuma kidogo, kisha ainame mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu. Hapo ndipo makalio yanapopanda. Na hapa ndipo familia zinaponichosha: mkiogopa ataanguka kifudifudi, mnasimama kifua kwa kifua naye, hana pa kuinamia, halafu mnasema hajitumi. Mtu mwenye miguu mizima naye hawezi kusimama bila kuinama. Jaribu sasa hivi hapo ulipokaa. Kaa pembeni yake, upande dhaifu, umzuie goti lisikunjike.

Woka, ile fremu ya kutembelea, isivutwe wakati wa kuinuka. Itapinduka. Asukume kitanda, akishasimama ndipo aishike.

Ambaye miguu yote miwili haifanyi kazi, kwa mfano aliyeumia uti wa mgongo kwenye bodaboda, anahitaji ubao wa kutelezea kutoka kitandani hadi kitini. Fundi seremala wa Keko, Dar es Salaam, anaweza kuuchonga: laini kabisa, kingo zimekwanguliwa, usiopinda akiukalia. Ncha moja iingie vizuri chini ya paja na kalio, nyingine ikae imara kwenye kiti. Asogee kwa vituo vifupi, akijisukuma kwa mikono, vidole visishike chini ya ukingo wa ubao. Usimburute, wala asipite ngozi tupu: hasikii maumivu, na kidonda cha makalio utakigundua kimeshaiva. Lakini ubao ni bure kama mkono wa kiti hautoki. Ulizeni hilo kabla ya kupokea kiti cha msaada na kupiga picha.

Aliyelegea upande mmoja aanzie upande gani? Nilifundishwa aelekee upande wenye nguvu, nami nafundisha hivyo. Ila choo cha nyumbani hakina pande mbili. Akienda kwa upande mzima, atarudi kwa ule dhaifu. Wenzangu wengine wanamzoesha pande zote tangu mwanzo, na sina hoja ya kuwashinda. Vilevile nahimiza "mgongo unyooke, magoti yakunjwe", huku nikijua tafiti hazijaonyesha kwamba mafunzo hayo peke yake yanazuia maumivu ya mgongo kwa wahudumu. Winchi ya kuinulia wagonjwa ingesaidia zaidi, lakini chumba chenyewe kitanda kimeshakijaza.

Kwa hiyo, kama baba hasaidii kabisa na uko peke yako, usimhamishe. Mgeuze ubavu, mbadilishe hapo hapo kitandani, ungoje mwenzako arudi kutoka kazini.