Mafuta ya Kuku si Mafuta ya Panya

Dhana: Mafuta mwilini ni ghala tu.
Dhana hii ilipata pigo kubwa mwaka 1994, maabara ya Jeffrey Friedman jijini New York ilipoitambua jeni ya leptini. Seli za mafuta za panya humwaga homoni hiyo kwenye damu, na ubongo hujua akiba imebaki kiasi gani. Panya asiye nayo hula kupita kiasi na kunenepa mno.

Dhana: Basi leptini hufanya hivyo kwa kila mwenye uti wa mgongo.
Wengi huteleza hapa. Samaki wana leptini, lakini huitengeneza zaidi kwenye ini. Kwa kuku jeni hiyo ilisakwa miaka mingi, watu wakabishana kama ipo au haipo. Ilipopatikana, haikuwa ikifanya kazi kwenye mafuta, bali kwenye ubongo na viungo vingine. Ukisikia kuku wa nyama hunenepa kwa sababu mafuta yake yameacha kutoa leptini, cheka kidogo: hayakuwahi kuitoa.

Dhana: Mnyama mwenye damu moto lazima awe na mafuta ya kahawia.
Mafuta ya kahawia ni yale yanayochoma nishati ili kupasha mwili joto, na ukahawia huo hutokana na wingi wa mitokondria, vinu vya nishati vya seli. Ndani yake kuna protini ya UCP1, inayopitisha protoni bila kutengeneza ATP, kemikali inayobeba nishati ya seli, hivyo nishati hutoka kama joto. Ndege hawana mafuta hayo wala jeni ya UCP1. Baridi ikizidi, hutetemesha misuli. Nguruwe wamebaki na magofu tu ya jeni hiyo, kwani vipande vyake vilikatika yapata miaka milioni 20 iliyopita, na ndiyo maana vitoto vya nguruwe huteswa sana na baridi. La kushangaza zaidi ni kwamba UCP1 ipo hata kwa samaki aina ya kapi, kwenye ini, ingawa mwili wake haujipashi joto. Jeni ilitangulia, kazi ya kupasha joto ilikuja baadaye sana, kwa mamalia.

Dhana: Mafuta hutengenezwa palepale yanapohifadhiwa.
Kwa ng'ombe na nguruwe, kwa sehemu kubwa ndiyo. Kwa kuku na binadamu, kiwanda kikuu ni ini. Papa yeye hata ghala lake ni ini.

Dhana: Tofauti zikiwa nyingi hivi, kulinganisha hakuna maana.
Kuna maana, kwa sababu msingi ni mmoja: PPAR-gama, protini inayoamuru seli changa iwe seli ya mafuta, ipo kwa panya, kuku na binadamu. Tatizo ni kuusahau mwili unaoibeba. Panya wa maabara kwa kawaida hufugwa kwenye nyuzi joto 22 hivi, ilhali yeye hustarehe karibu na 30. Mafuta yake ya kahawia yanachemka mchana na usiku, na dawa inayomkondesha katika baridi hiyo inaweza isimfanyie lolote mtu aliyevaa sweta.