Mbwa Wako Mzee Halii, Lakini Anaumia

“Hana maumivu, daktari. Angekuwa anaumia angelia.” Wiki hii nimeambiwa hivyo mara tatu, na mbwa wote watatu walikuwa wanaumia.

Mbwa hulia akikanyagwa mkia au akivunjika mguu, yaani maumivu yakimjia ghafla. Maumivu ya kila siku ya yabisi, ugonjwa wa viungo, kwenye nyonga na magoti huyanyamazia. Anachofanya ni kupunguza mambo: haruki tena garini, ngazi anazipanda nusu kisha anasimama, mgeni akibisha hodi anabweka akiwa amelala palepale. Watu wanasema ametulia kwa sababu ya umri.

Mmoja wa hao watatu, dume la miaka 11, alilala sakafuni nikizungumza na mwenye mbwa. Alipotaka kuinuka alitanguliza miguu ya mbele, akatulia kidogo, kisha ya nyuma ikateleza mara mbili kabla ya kushika. Mapaja yalikuwa yamekonda na mabega yamejaa, kwa kuwa uzito wote ameuhamishia mbele. Manyoya ya kiungo kimoja cha mguu wa mbele yalikuwa na rangi ya kutu kwa kulambwa. Nilipoinyoosha nyonga yake kuelekea nyuma, aliacha kuhema, akalamba midomo, akageuza kichwa kuutazama mkono wangu. “Si unaona?” mwenyewe akasema. “Wala halii.”

Yabisi haiponi, ila maumivu yake yanatibika. Kupunguza uzito peke yake husaidia sana, na zipo dawa za maumivu za mbwa. Ibuprofeni na diklofenaki za binadamu usimpe hata kidogo, zinatoboa tumbo na kuharibu figo. Na kabla ya kuja, mpige video asubuhi anapoinuka tu kutoka usingizini, maana hapo ndipo viungo vimekakamaa zaidi. Mbele yangu wasiwasi humfanya atembee vizuri kuliko alivyo. Rudia video mahali palepale kila baada ya miezi mitatu. Hili naliomba kwa kila mwenye mbwa mzee.

Nasikia pia: “Anakunywa maji mengi, ni uzee tu.” Hapana. Uzee haumpi mbwa kiu. Pima maji unayomwekea na yanayobaki kwa saa 24. Yakizidi mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake, kuna tatizo: figo, kisukari, au tezi zilizo juu ya figo. Figo ndizo zinazonisikitisha zaidi, kwa sababu mkojo unapoanza kuwa mwepesi kama maji, takriban theluthi mbili za uwezo wake zimeshapotea. Na jike ambaye hajafungwa kizazi akianza kunywa sana wiki chache baada ya kutoka kwenye joto, mlete siku hiyohiyo. Huenda mfuko wa uzazi umejaa usaha.

“Macho yana ukungu, amekuwa kipofu.” Mara nyingi ni kiini cha lenzi kilichokakamaa kwa umri, kinaonekana cha buluu na mbwa anaona vizuri tu. Mtoto wa jicho ni mweupe zaidi na huziba mwanga. Acha tutazame kwa taa.

“Uvimbe ni laini, basi ni mafuta.” Vidole haviwezi kujua hilo, hata vyangu. Sindano nyembamba ya kuchota seli na darubini ya kuzitazama ndivyo vinavyojua.

Harufu mbaya ya kinywa nayo si ya uzee, mara nyingi ni ugonjwa wa fizi.

Na wale wanaosema “anahema kwa sababu ni mzee”, mhesabieni pumzi akiwa usingizini mzito. Kifua kikipanda na kushuka ni pumzi moja. Zikizidi 30 kwa dakika, na kesho yake zikizidi tena, msingoje wiki iishe. Moyo unaweza kuwa umeanza kushindwa na maji yanaingia mapafuni.