Sindano ya Saa 3 Si Sindano ya Saa 6

Malalamiko yanayofikishwa kwenye madirisha ya idara za tiba ya nyuklia, zinazopiga picha za mwili kwa kuchoma dawa yenye mionzi, yameanza kufanana. Mgonjwa ametoka Mbagala au Kibaha, amefika saa 6 mchana badala ya saa 3 asubuhi, ameambiwa apangiwe siku nyingine. Anaona amenyimwa huduma ilhali dawa ipo na mashine ipo. Mwingine analalamika kwamba aliyemchoma sindano alitoka chumbani haraka kama aliyeona nyoka. Wa tatu amekaa kwenye benchi saa tatu nzima akihimizwa kunywa maji, na hajui kinachosubiriwa. Majibu karibu yote yanatoka mahali pamoja: dawa tunayotumia haitunziki.

Teknishiamu-99m, inayotumika kwa picha nyingi za mifupa, figo, tezi ya shingo na moyo, hupungua nguvu kwa nusu kila baada ya saa 6. Ukiandaliwa megabekereli 740 (ndicho kipimo cha nguvu ya mionzi) za kipimo cha mifupa saa 3 asubuhi, ikifika saa 6 mchana zimebaki kama 523, na saa 9 alasiri ni 370. Hakuna friji inayozuia hilo. Mteknolojia anaweza kuvuta ujazo mkubwa zaidi kutoka kwenye kichupa ili kufidia, lakini kile anachovuta ni fungu la mgonjwa mwingine aliyewahi. Tena kichupa chenyewe kina umri: dawa nyingi zilizokwisha kuchanganywa hutumika ndani ya saa 6 hadi 8 kwa maelekezo ya mtengenezaji, baada ya hapo hazitumiki hata kama zingali na nguvu.

Wanaouliza kwa nini tusitengeneze nyingine hawajui inakotoka. Teknishiamu hukamuliwa kwenye jenereta, chombo cha uzito mkubwa kwa sababu ya madini ya risasi yaliyokizunguka kuzuia mionzi, chenye ndani molibdenamu-99 inayogeuka kuwa teknishiamu. Molibdenamu hiyo huzalishwa kwenye vinu vichache vya nyuklia duniani, kikiwemo SAFARI-1 cha Pelindaba, Afrika Kusini, na HFR cha Petten, Uholanzi. Nayo hupungua nusu kila saa 66, hata ikiwa ndani ya ndege. Jenereta iliyofika na nguvu kamili, baada ya siku 5 imebaki na kama asilimia 28, na baada ya wiki asilimia 17. Ndiyo maana wagonjwa wa mifupa, wanaohitaji kiasi kikubwa, hupangwa siku za mwanzo, na wa tezi, ambao megabekereli 74 hadi 185 zinawatosha, husogezwa mwisho wa wiki. Aliyepangiwa Jumanne asidhani Ijumaa ni sawa tu. Jenereta ikishakamuliwa asubuhi, saa 6 baadaye imejaza upya kama nusu tu ya ilichotoa, na hujaa kwa kukaribia saa 24. Kinu kikisimama kwa matengenezo au ndege ikiahirishwa, hakuna bohari ya kukimbilia.

Kabla mlango haujafunguliwa

Watu huona mlango umefungwa saa 1 na nusu asubuhi na kudhani ndani watu wanakunywa chai. Kinachoendelea ni hiki.

Kwanza hupimwa meza, sakafu na sinki kwa kifaa cha kugundua mionzi, kuhakikisha hakuna tone lililobaki tangu jana. Kisha mashine ya kupimia dozi hujaribiwa kwa chanzo cha mionzi cha seziamu-137, ambacho nguvu yake inajulikana na hubadilika polepole kwa miaka. Usomaji ukipotoka zaidi ya asilimia 5, kazi inasimama. Kamera ya gama, ndiyo mashine ya kupigia picha, nayo huwekewa sahani ya kobalti-57 mbele yake ili kuona kama uso mzima unasoma sawasawa. Doa lisiloonekana kwa macho kwenye kamera huweza kuwa doa kwenye uti wa mgongo wa mtu asiye na ugonjwa.

Hapa niongeze jambo la umeme, maana watu hudhani kiyoyozi cha chumba kile ni starehe ya wafanyakazi. Ndani ya kichwa cha kamera mna fuwele ya iodidi ya sodiamu, pana kama meza ndogo na nene milimita 9.5 hivi. Joto la chumba likibadilika kwa haraka, kwa nyuzi chache tu ndani ya saa moja, fuwele hupasuka na haiungiki kwa gundi. Umeme ukikatika na kiyoyozi kikazima, tunafunga mlango na kuacha joto lipande taratibu. Kufungua madirisha kwa wema, kama baadhi ya ndugu wa wagonjwa wanavyofanya, ni kuongeza hatari.

Baada ya hapo ndipo jenereta hukamuliwa: kichupa cha maji ya chumvi upande mmoja, kichupa kisicho na hewa ndani ya kinga ya risasi upande wa pili, na kwa dakika chache maji hupita na kuibeba teknishiamu. Maji hayo hayaendi kwa mgonjwa moja kwa moja. Hupimwa kama molibdenamu imevuja, na kikomo ni kilobekereli 0.15 za molibdenamu kwa kila megabekereli ya teknishiamu. Hupimwa alumini kwa karatasi maalumu. Kisha teknishiamu huingizwa kwenye kichupa cha unga wa dawa, kwa mfano ule uitwao MDP kwa ajili ya mifupa, bila kuruhusu hewa kuingia. Hewa ikiingia, oksijeni huharibu bati lililomo kwenye unga, teknishiamu haishikamani na dawa, na picha hutoka ikiwa na tezi ya shingo na tumbo vinavyong'aa huku mifupa imefifia. Ndiyo maana hujaribiwa tena kwa vipande vya karatasi kuona kiasi kilichoshika. Isipofika asilimia 90, na kwa baadhi ya dawa 95, hutupwa. Hutupwa, hata kama wagonjwa kumi wako nje. Hili halina mjadala dirishani.

Mashine haikupigi mionzi

Pengine hili ndilo linalotuchosha zaidi. Kamera ya gama haitoi mionzi. Iko kama sikio: inasikiliza mionzi inayotoka mwilini mwako baada ya sindano. Mgonjwa anayekubali sindano kisha akakataa kuingia chumba cha picha kwa kuogopa mashine hajajiepusha na chochote. Mionzi anayo tayari, picha hana. Isipokuwa kamera iwe imeunganishwa na siti skani, ambayo hutoa mionzi yake, na hapo utaambiwa mapema.

Nywele hazinyonyoki. Hiyo ni hofu iliyohama kutoka kwenye tiba ya saratani ikaja kwenye vipimo. Kipimo cha mifupa cha mtu mzima humpa takriban milisiveti 4 (kipimo cha mionzi ambayo mwili umepokea), wakati wastani wa mionzi ya asili ambayo binadamu hupata kwa mwaka, kutoka ardhini, angani na kwenye chakula, ni milisiveti 2.4. Si sifuri, na ndiyo sababu hatupigi picha bila fomu ya daktari inayoeleza swali analotaka lijibiwe. Fomu iliyoandikwa "maumivu ya mwili" pekee itarudishwa.

Saa 2 hadi 4 za kusubiri baada ya sindano ya mifupa si uzembe. Dawa inahitaji muda kushika kwenye mfupa, na iliyobaki kwenye damu na nyama itoke kwa mkojo. Kunywa lita 1 hadi 1.5 za maji, isipokuwa kama daktari wa moyo au figo amekuwekea kikomo, na kojoa mara kwa mara. Maziwa hayana kazi ya pekee hapa. Tunajua mtaani maziwa hupewa aliyekula sumu, lakini teknishiamu hutolewa na figo, na figo zinataka maji. Anayekuja na pakiti tano za maziwa amepoteza fedha zake.

Kojoa tena dakika chache kabla ya kupanda kitandani, kwa sababu kibofu kilichojaa huficha mifupa ya nyonga. Wanaume, angalieni matone: tone moja la mkojo kwenye nguo ya ndani linang'aa kwenye picha na linaweza kusomwa kuwa saratani imefika kwenye paja. Ukihisi umejichafua, sema. Utapewa shuka, nguo itavuliwa, picha itarudiwa. Mkanda wa chuma, sarafu, simu na funguo hufanya kinyume chake: huzuia mionzi na kuacha pengo jeusi.

Sindano yenyewe lazima iingie ndani ya mshipa. Ikivuja kwenye nyama, dawa hubaki mkononi, hupanda hadi mtoki wa kwapani, na msomaji asiyejua anaweza kuuhesabu kuwa ugonjwa, hasa kwa mama mwenye saratani ya titi. Kwa hiyo tuambie titi lipi, tukuchome mkono wa pili. Ukisikia panawaka au panavimba, usivumilie kwa heshima.

Kwa kipimo cha tezi, yanayoharibu ni yale uliyofanya wiki zilizopita. Siti skani yenye dawa ya iodini ndani ya wiki 6 hadi 8, vidonge vya levothairoksini, kabimazoli, au amiodaroni ya moyo: vyote hubadilisha namna tezi inavyonyonya. Njoo na vidonge vyenyewe kwenye mfuko wake. Usiache kimoja kwa uamuzi wako. Anayekuandikia ndiye anayeamua kiachwe lini.

Swali la hedhi

Kila mwanamke aliye kwenye umri wa kuzaa ataulizwa tarehe ya hedhi ya mwisho, awe mtawa, mwanafunzi au mjane. Swali hili si la kumchunguza mtu tabia. Tumeona majibu yanabadilika kulingana na aliyesimama pembeni, kwa hiyo mume, mama mkwe au shangazi ataombwa atoke kwanza. Asiyetaka kutoka anachelewesha foleni. Ikiwa kuna shaka, kipimo cha mimba hufanyika, na ikiwa kuna mimba daktari huamua kama jibu linaweza kusubiri au kupatikana kwa njia nyingine.

Anayenyonyesha aseme wakati wa kupangiwa siku, siyo sindano ikiwa tayari. Kwa teknishiamu ya tezi kwa kawaida huacha kunyonyesha kwa saa 12, akikamua na kumwaga. Kwa dawa nyingine nyingi za teknishiamu muda ni mfupi zaidi. Akamue akiba usiku wa kabla. Iodini-131, dawa yenye mionzi ya kutibu tezi, ni habari nyingine kabisa: hupungua nusu kila siku 8, huingia kwenye maziwa na kwenye tezi ya mtoto, na kwa tiba hiyo mtoto huyo haendelei kunyonya tena.

Kwa nini anatoka chumbani

Wewe unachomwa mara moja. Mteknolojia anachoma wagonjwa kila siku ya kazi, mwaka hadi mwaka, na kila aliyechomwa ni chanzo cha mionzi kinachotembea. Akisogea kutoka mita 1 hadi mita 2, anachopata kinashuka hadi robo. Anatumia kinga ya tangsteni kwenye bomba la sindano, koleo kushikia kichupa, beji kifuani na pete kidoleni za kupimia mionzi anayopata. Kikomo chake kisheria ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka katika miaka 5, na usizidi 50 kwa mwaka wowote. Mtu wa kawaida kikomo chake ni 1, na kwa sababu hiyo ndugu yako hasubiri benchi moja na waliochomwa. Mteknolojia akikuelekeza kwa kifupi akiwa mlangoni, hajakunyanyapaa.

Hapa Tanzania msimamizi ni Tume ya Nguvu za Atomiki, chini ya Sheria ya Nguvu za Atomiki Na. 7 ya mwaka 2003. Kila chanzo kina leseni, kila sindano huandikwa: jina, dawa, kiasi, saa na aliyechoma. Kumchoma mtu asiye mwenyewe ni tukio la kuripotiwa, na linaweza kumgharimu mhusika taaluma yake na idara kufungwa wakati wa uchunguzi. Ndiyo maana tunauliza jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na namba ya faili, na kuuliza tena. Kuna wanaoitikia jina la mwenzao ili watangulie. Tafadhali sana, hilo si kuruka foleni ya benki.

Glovu, pamba na mabomba ya sindano hukaa kwenye ndoo za risasi kwa angalau saa 60, yaani nguvu ipungue nusu mara kumi, hadi ibaki chini ya sehemu moja kwa elfu, kisha hupimwa kabla ya kutupwa. Risasi ya jenereta kuukuu haiuzwi, iwe kwa vyuma chakavu au kwa wavuvi wa nyavu. Kumiliki au kuhamisha chanzo cha mionzi bila leseni ni kosa lenye adhabu mahakamani, na kutojua alama ya pembe tatu za mionzi hakutamsaidia mtu.

Ukirudi nyumbani, siku hiyo chuchumaa au keti unapokojoa, mwaga maji mara mbili, nawa mikono kwa sabuni, na mtoto wa kubebwa abebwe na mwingine hadi jioni. Kama unasafiri kwa ndege au kuvuka mpaka, omba barua kabla ya kuondoka idarani. Vifaa vya kugundua mionzi vinaweza kulia kwa siku chache baada ya teknishiamu, na hadi kama miezi 3 baada ya tiba ya iodini-131. Barua iwe na jina la dawa, kiasi, tarehe, muhuri na simu ya idara. Bila muhuri utarudi kuufuata, na safari itakuwa imekupita.