Asidi kali kuliko zote si lazima iunguze kila kitu

Watu wengi wanaamini asidi ikiwa kali sana basi lazima itoboe chupa, ile nyama, yaani kila kitu kiyeyuke. Sio kweli jamani, hayo ni mambo mawili tofauti.

Ukali wa asidi ni jinsi inavyoachia protoni (chembe ya haidrojeni yenye chaji chanya) kirahisi. Kuunguza mara nyingi kunatokana na kile kinachobaki protoni ikishatoka, mfano fluoridi ya asidi haidrofluoriki ndiyo inayokula kioo. Sasa angalia asidi ya kaborani, mwaka 2004 timu ya mwanakemia Christopher Reed kule California ilionyesha ina nguvu angalau mara milioni 1 kuliko asidi salfuriki kali, na bado inakaa kwenye chupa ya kioo bila shida!

Siri iko kwenye kinachobaki: kizimba cha atomi 11 za boroni na 1 ya kaboni, kimezungukwa na klorini, chaji yake hasi imesambaa kizimba kizima kwa hiyo hakina hamu ya kumshambulia mtu. Ndo maana hata metali zenye njaa ya elektroni huwekwa pamoja na vizimba hivi, zibaki huru kufanya kazi ya ukatalisti, yaani kuharakisha mmenyuko wa kemikali. Mimi naona hii ni kemia nzuri mno na inastahili kufundishwa.