Kushirikishana mazungumzo na chatboti: wanavyodhani watu na ukweli ulivyo

"Nitumie jibu tu, swali la nini?"

Hii ndiyo dhana inayopotosha kuliko zote, na imejaa kwenye magrupu ya WhatsApp. Jibu la chatboti, yaani programu ya kompyuta inayojibu maswali kwa maandishi, hufuata swali. Aliyeandika "nieleze faida za kufunga siku tatu bila kula" huenda akaletewa faida tu, kwa kuwa madhara hakuyauliza. Anayepokea jibu lililokatwa hana njia ya kulijua hilo. Tena swali lile lile likirudiwa kesho laweza kuleta jibu jingine, kwa hiyo mazungumzo yote, tangu neno la kwanza, ndiyo ushahidi wa kilichosemwa.

Mwaka 2023 jambo hili lilifika mahakamani New York. Katika kesi dhidi ya shirika la ndege la Avianca, mawakili wa mlalamikaji waliwasilisha hukumu zilizobuniwa na chatboti ya ChatGPT. Mmoja wao alipotakiwa kujieleza aliambatisha picha za mazungumzo yenyewe: aliuliza kama hukumu mojawapo ni ya kweli, akajibiwa kwamba ndiyo. Jaji Castel akatoza faini ya dola 5,000. Kwangu mimi, picha zile zina mafunzo makubwa kuliko faini. Yeyote anayezisoma anaona wazi kwamba kuiuliza chatboti kama imesema kweli si kuhakiki.

"Kushiriki mazungumzo ni kutangaza uvivu"

La. Anayeonyesha alivyouliza anawapa wenzake nafasi ya kumkosoa.

"Maongezi ya mtu wa kawaida hayana faida kwa watafiti"

Modeli ya Vicuna (modeli ni programu iliyofunzwa kwa maandishi mengi, ndiyo inayoiwezesha chatboti kujibu), iliyotolewa Machi 2023, ilifunzwa kwa mazungumzo yapatayo 70,000 ambayo watumiaji waliyashiriki wenyewe kupitia ShareGPT, tovuti ya kushirikishana mazungumzo ya ChatGPT. Mwaka uliofuata taasisi ya utafiti ya Allen Institute for AI ya Marekani ilitoa WildChat, mkusanyiko wa mazungumzo milioni 1 ya watu walioridhia. Zaidi ya nusu ni ya Kiingereza, na hapo ndipo ninapoumia. Mkulima wa Mbeya anayeuliza habari za viwavijeshi kwenye mahindi yake, kwa maneno anayoyatumia shambani, ana kitu ambacho mtafiti hawezi kukitunga akiwa ofisini.

"Linki anaiona niliyemtumia tu"

Kwa kawaida, yeyote aliyeipata linki ya mazungumzo yako huweza kuifungua na kuisambaza. Mwishoni mwa Julai 2025 mazungumzo mengi ya ChatGPT yalikutwa kwenye matokeo ya Google, kwa kuwa wenyewe walikuwa wametia tiki kwenye kisanduku kilichoruhusu yatafutwe. OpenAI, kampuni yenye ChatGPT, ikakiondoa kisanduku hicho. Ukifuta linki, nakala aliyokwisha kuichukua mtu inabaki naye. Na kuondoa jina hakutoshi: ugonjwa, shule na kata vikitajwa pamoja, jirani atamtambua mhusika. Kama uliuliza kuhusu mgonjwa wako, fungua mazungumzo mapya, uliza swali hilo kwa ujumla bila habari zake, kisha ushiriki hayo.