Besi Ikilia Zzz, Anza na Shingo
Wapigaji wengi wanaoniletea magitaa ya besi hapa Malindi huwa wameshachezea daraja, kile chuma mwilini kinachobeba nyuzi, wao wenyewe. Walisikia zzz kwenye freti za mwanzo, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, wakashika alenkii, wakapandisha nyuzi hadi mlio ukapotea. Sasa besi hailii zzz, lakini mtu akitoka kupiga harusi moja, vidole vimekufa ganzi na kiwiko kinamuuma. Mateso hayo hunisikitisha, maana mara nyingi tatizo halikuwa darajani. Lilikuwa shingoni.

Shingo ya besi haitakiwi kunyooka kabisa. Uzi unapotetemeka hupanuka zaidi katikati, kwa hiyo shingo hupinda kidogo kuelekea mbele ili uzi upate nafasi. Kuipima si kazi. Tuni kwanza, kwa sababu mkazo wa nyuzi ndio unaoivuta shingo. Kisha bana uzi wa E, ule mnene, kwenye freti ya 1, na kwa mkono wa pili ubane pale shingo inapoungana na mwili. Uzi wenyewe sasa ndio rula yako. Tazama freti ya 7 au ya 8: ukiona mwanya wa milimita 0.3 hivi, karibu unene wa kadi ya biashara, basi iko vizuri. Uzi ukiilalia freti, shingo imenyooka mno au imepinda kinyumenyume, na zzz ya freti ya 1 hadi ya 5 mara nyingi hutoka hapo.

Kinachoirekebisha ni ufito wa chuma uliopita ndani ya shingo. Ukiukaza kwa kufuata mishale ya saa, shingo hunyooka. Ukiulegeza, nyuzi huivuta mbele. Robo ya mzunguko yatosha kwa mara moja. Tuni tena, pima tena, na kabla ya kuongeza robo nyingine iache ilale hadi kesho, mbao haina haraka. Nati ya ufito ikiwa ngumu, usiilazimishe hata kidogo. Ufito ukikatika, gharama ya kuutengeneza yaweza kupita bei ya besi.

Huku pwani shingo haitulii mwaka mzima. Mbao hunyonya unyevu na kuutoa, na hewa ya masika si hewa ya kaskazi. Besi iliyokuwa safi Januari ikaanza kulia zzz Mei haijaharibika, ipime upya.

Shingo ikishakaa sawa ndipo uende darajani. Mimi huanzia milimita 2.5 kwa uzi wa E na 2 kwa uzi wa G, ule mwembamba, kutoka juu ya freti ya 12 hadi chini ya uzi. Mwenye mkono mwepesi anaweza kushuka zaidi. Anayechapa nyuzi kwa nguvu aache hapo. Zzz ndogo unayoisikia besi ikiwa haijachomekwa, na haitoki kwenye spika, usihangaike nayo.

Halafu tuni ya juu, yaani noti ziwe sahihi hata kwenye freti za juu. Piga uzi bila kuubana, kisha kwenye freti ya 12, ukiangalia programu ya kutuni kwenye simu. Noti ya freti ya 12 ikizidi, rudisha nyuma, mbali na shingo, kipande cha daraja kinachobeba uzi huo. Ikipungua, kisogeze mbele. Fanya hivyo na nyuzi mpya, kwani zilizoliwa na chumvi ya bahari hazishiki tuni hata ufanyeje.

Zzz ikibaki sehemu moja tu, kuna freti iliyonyanyuka au iliyolika. Ikitoka kwenye uzi usiobanwa peke yake, mfereji wake pale kichwani umechimbika. Hizo mbili zataka tupa na mkono uliozoea, mpelekee fundi.