Kubadilisha butiloda si kusakinisha mfumo upya

Wengi huamini kwamba ukitaka kuacha butiloda ya GRUB na kutumia nyingine, systemd-boot, lazima ufute diski na kusakinisha Linux upya. Si kweli. Butiloda ni programu ndogo inayopakia kerneli (kiini cha mfumo) kwenye kumbukumbu na kuiachia kazi. Mafaili yako haiyagusi.

Hakikisha kwanza kompyuta imewaka kwa UEFI, programu ya kisasa inayoiwasha kompyuta kabla ya mfumo: folda ya /sys/firmware/efi iwepo. Isipokuwepo, ishia hapo, maana systemd-boot haifanyi kazi kwenye BIOS, iliyotumika kabla ya UEFI. Ikiwepo, endesha amri ya bootctl install kama root (mtumiaji mkuu).

Wanaokwama hukwama hapa. GRUB husoma ext4, muundo wa diski unaotumiwa sana na Linux, lakini systemd-boot kwa kawaida husoma muundo wa FAT pekee, hivyo kerneli na initramfs (faili dogo linalosaidia kerneli kuanza) kwa kawaida hukaa kwenye patisheni ya EFI, sehemu ya diski ambayo UEFI huisoma. Patisheni ya MB 100, kama ile ambayo Windows huitenga mara nyingi, hujaa upesi. GB 1 ndiyo ya kuaminika.

Kisha, ndani ya folda ya loader/entries kwenye patisheni hiyo, andika faili la .conf lenye mistari ya title, linux, initrd na options. Kwenye options weka root=UUID= na namba ya mfumo wa mafaili wa Linux uliyoipata kwa amri ya blkid. Angalia vizuri: blkid huonyesha UUID (namba ya mfumo wa mafaili) na PARTUUID (namba ya patisheni) kwenye mstari mmoja. Ukizichanganya, kerneli itaanza kisha itakwama ikitafuta diski isiyokuwepo.

Secure Boot, ulinzi wa UEFI unaokagua saini za kidijitali, ikiwa imewashwa, faili la kuwashia lisilotiwa saini litakataliwa. GRUB usiiondoe mpaka njia mpya iwake bila shida mara kadhaa. Kwa amri ya efibootmgr -o, inayopanga nani aanze kuwaka, unaweza kuirudisha GRUB mbele wakati wowote.